Neno "nairudisha": niliyoongea kwenye mkutano wa mtaa

Haya niliyaongea jumapili kwenye mkutano wa mtaa wetu huku Mbagala, kuhusu vijana wetu na kubeti, spika ilikuwa inakata kata na waliokaa nyuma walilalamika hawakusikia, kwahiyo nimekaa nikaandika kama nilivyoongea, nimeongeza vitu viwili vitatu nilivyosahau.

Ndugu mwenyekiti wa mtaa, wajumbe, mashehe na wachungaji wetu, wazee wangu shikamooni, mama zangu shikamooni, na nyie wadogo zangu wa kijiweni mambo vipi. Nashukuru mmekuja, najua leo kuna mechi.

Wengi mnanijua, nafundisha hesabu sekondari, mwaka wa 11 huu. Sasa siku moja nilikuwa nasahihisha madaftari ya form four, tulikuwa kwenye mada ya probabiliti, daftari moja likanidondoka likafunguka ukurasa wa nyuma kabisa. Nikakuta mkeka wa kubeti, timu 10 zimepangwa kwa mstari, pembeni ya kila timu kuna odds, ile namba hela yako inazidishwa nayo timu ikishinda, na yule mtoto amezizidisha zote kwa mkono bila kikokotoo, hatua kwa hatua, hajakosea hata desimali moja, jibu kalipigia mistari miwili kwa rula kama tunavyowafundisha. Huyu mtoto mtihani wa mwezi uliopita alipata 23 kwa 100. Alafu chini ya jibu kaandika maneno manne, nayakumbuka mpaka leo: godoro la mama, ada.

Nilimuita ofisini, sikumpiga, nilimwambia tu akae. Nikamuuliza mkeka huu umeweka shingapi, akasema jero. Nikamuuliza mpaka sasa umeshapoteza shingapi, akakaa kimya muda mrefu sana anaangalia viatu vyake, alafu akasema "Mwalimu, nairudisha tu, ikirudi naacha."

Nairudisha. Hilo neno ndo limenileta hapa mbele yenu leo, maana nililisikia kwanza nyumbani kwetu, kwa mdogo wangu wa damu, na kaniruhusu nilisimulie. Tumekubaliana nae na mama pia kakubali.

Mdogo wangu ni bodaboda. Kijiwe chao wana kikundi cha kufa na kuzikana, wapo 32, na yeye ndo alikuwa mweka hazina kwasababu wote walimuamini, na mimi nawaambia walikuwa sahihi kumuamini, hakuwahi kuiba hata sindano tangu tumezaliwa. Kila mtu alichanga elfu 20, jumla laki sita na arobaini, na hela ilikaa kwenye laini yake ya simu. Sasa mmoja wao akafiwa na mama yake huko Newala, usiku wenzake wakampigia mdogo wangu, toa hela ya sanda na gari. Simu haikupokelewa. Kesho yake imezimwa. Siku ya tatu ndo tukampata kwa shangazi Kibiti, kakonda, hali chakula.

Usiku ule nilikaa nae kwenye jamvi, nikamwambia fungua meseji za simu, tuzisome zote moja moja kuanzia ya kwanza. Sikutaka kumgombeza, nilitaka kuelewa. Ya kwanza ni jumamosi alasiri, kaweka elfu 5 yake mwenyewe ya hesabu ya bosi iliyozidi. Ikaliwa. Dakika sita baadae elfu 5 nyingine. Ikaliwa. Alafu elfu 5 ya tatu, hapo hela yake ikaisha. Meseji ya nne ni elfu 20, na hiyo ilikuwa ya kikundi. Ikaliwa nayo. Mpaka jioni ile ameshapoteza 35,000.

Sasa wadogo zangu naomba hapa mnisikilize vizuri. Saa 5 usiku siku ileile kuna meseji imeingia, amepokea 41,000. Yaani ilirudi! Ilirudi yote na faida ya elfu 6 juu, hela ya kikundi imetimia, hakuna mtu anajua, angeweza kuzima simu akalala na mpaka leo tusingejua chochote. Nikamuuliza, mdogo wangu, hapa ilirudi, kwanini hukulala? Akaniangalia akasema "Kaka, hapo ndo nikaona njia nimeshaijua." Saa 9 usiku ile 41,000 haipo. Jumatano asubuhi kwenye laini kumebaki shilingi 1,850.

Kwahiyo ninaposikia kijana anasema ikirudi naacha, mimi nakumbuka ile meseji ya saa 5 usiku. Iliporudi ndo ilimmaliza kabisa.

Hebu nimekuja na hii manila, naomba vijana wawili mnishikie. Tufanye hesabu ya mkeka wa yule mwanafunzi, timu 10, kila moja tuseme odds ni 1.50. Ukizidisha 1.50 mara kumi unapata kama 57.6, kwahiyo jero yako inaandikwa pale kwenye simu utapata elfu 28 na ushee. Jicho linaangalia elfu 28. Sasa odds ya 1.50 ingekuwa haina makato, maana yake hiyo timu inashinda mechi mbili katika kila tatu. Ila kampuni haifanyi kazi ya sadaka, inapunguza kidogo kwenye kila odds, tufanye asilimia 5 tu. Asilimia 5 unaona ni kitu gani, ila kwenye mkeka wa timu 10 inakatwa mara 10 juu kwa juu, 0.95 zidisha kwa 0.95 mpaka mara kumi, inabaki 0.6. Kwahiyo kwenye kila elfu moja inayowekwa kwenye mikeka ya aina hiyo, mia nne imeshaondoka kabla refa hajapuliza filimbi. Kwa hesabu hiyohiyo mkeka kama huo unatiki mara moja katika 96. Mikeka 96 ya jero ni elfu 48, unayorudishiwa ni elfu 28. Na ndo maana mkiongeza timu mnapewa bonasi, mkeka mrefu ndo unaowalipa wao zaidi. Mnasemaga kijiweni "timu moja tu imenichania mkeka", jamani, sio ile timu, mkeka wa timu 10 umetengenezwa uchanike na timu moja.

Kindege je, ule mchezo wa Aviator wa kwenye simu, kindege kinapaa na hela inapanda, ukichelewa kutoa kikaondoka umeliwa. Huu mchezo ulitoka 2019 na kwenye maelezo yake wenyewe waliouunda wameandika unarudisha asilimia 97. Kijana anasoma 97 anasema huu hauna shida, asilimia 3 tu ndo inaliwa. Ni kweli asilimia 3, lakini ya kila ulichoweka, na raundi moja inaisha kabla hujamaliza kufungua soda. Tuseme kwa saa moja unacheza raundi 150, kila raundi buku, umezungusha laki na nusu, asilimia 3 yake ni 4,500 kwa saa, na hiyo ni kwa yule anayeweka buku bila kupandisha. Hakuna asiyepandisha, ukishakula hasara unaweka buku mbili ili irudi, alafu nne, alafu nane. Ukifungwa raundi 7 mfululizo kwa mtindo huo umeshatoa laki moja na elfu 27 kukimbiza buku moja.

Na mtaniambia mwalimu, ikianguka chini mara nyingi lazima ipae. Hapana. Mwaka 1913, tarehe 18 mwezi wa 8, kwenye kasino ya Monte Carlo huko Monaco, kile kigoroli cha ruleti kilidondokea rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walipoona nyeusi imetoka mara 15 wakasema sasa lazima nyekundu, wakamwaga hela kwenye nyekundu, ikatoka nyeusi, wakaongeza tena, nyeusi. Kasino ilivuna mamilioni usiku ule kutoka kwa watu waliokuwa na uhakika. Kile kigoroli hakina kumbukumbu, na kindege nacho hakijui kama wewe umeliwa mara 8.

Kuna kitu kingine, tabia ya njiwa. Mtaalamu mmoja wa Marekani, B. F. Skinner, alifungia njiwa kwenye kisanduku chenye kitufe, njiwa akidonoa anapata chakula. Ikaonekana hivi: ukimpa chakula kila anapodonoa, siku ukiacha kumpa anachoka mapema anaondoka. Ila ukimpa bila mpangilio, mara anadonoa mara 3 anapata, mara 40, mara 10, huyo anadonoa mpaka basi, hata usipompa tena anaendelea kudonoa. Nimewaambia hili ili mjue kwanini kijana mwenye akili timamu anakaa macho mpaka saa 9 usiku. Wazazi wengine mnasema karogwa, kuna mama hapa mtaani kampeleka mwanae kwa mganga kalipia laki moja na nusu. Mama zangu, huu ni ugonjwa unaojulikana, Shirika la Afya Duniani wameuweka kwenye orodha yao ya magonjwa iliyoanza kutumika mwezi wa kwanza 2022, uraibu wa kamari na uraibu wa magemu vyote viwili vimo, na pale Muhimbili kuna idara ya afya ya akili, unaenda kama unavyoenda kupima sukari.

Sasa nije kwetu wakubwa, na hapa ndo najisikia uchungu zaidi.

Kijana akishinda laki mbili mtaa mzima unajua. Anaitwa bosi, mama anaombwa amuombee soda, mjomba anapiga simu, jirani anasema huyu mtoto ana bahati tangu utotoni. Yule yule akipoteza elfu 10 anaitwa mwizi, mpumbavu, anafukuzwa chumbani. Nini kinatokea? Anajifunza kutangaza ushindi na kuficha hasara. Na hasara iliyofichwa ina njia moja tu ya kutoka bila watu kujua, nayo ni kuirudisha. Mdogo wangu jumamosi ile saa 12 jioni alikuwa amepoteza elfu 20 ya kikundi. Elfu 20! Mimi ningempa. Mama angempa. Wale wenzake wangemkata kwenye mgao yakaisha. Nilimuuliza kwanini hukunipigia, akasema niliogopa utaniambia nilijua tu. Na kweli, ningemwambia hivyohivyo, najijua mwenyewe ninavyoongeaga nikikasirika. Tulimpoteza kati ya elfu 20 na laki sita, na muda wote huo alikuwa na simu mkononi yenye namba yangu.

Kwahiyo ninachoomba kwenye kila nyumba ni hiki, mtoto awe na mtu mmoja, hata mmoja tu, ambae anaweza kumwambia "nimepoteza" na asitukanwe siku hiyo. Anaweza kuwa shangazi, anaweza kuwa kaka, mwalimu wa madrasa, yeyote. Ukiambiwa, usianze na kwanini, uliza shingapi na ya nani. Alafu ukiamua kusaidia deni, mlipe anayedai mkono kwa mkono, usimpe kijana hela taslimu aende kulipa mwenyewe, hata kama analia machozi ya damu, maana ile hela ikifika mkononi mwake ataona ndo mtaji wa kuirudisha yote. Na kama kakopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, hakikisha umeona deni lote, vijana huwa wanataja nusu kwa aibu.

Na akina baba, wazee wangu samahani sana, ila nimesimama kibandani nikawaona watoto wa darasa la sita wameshika vikaratasi wanasema "baba kanituma". Sheria yetu ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 hairuhusu aliye chini ya miaka 18, na wewe ndo unampeleka mlangoni. Mkeka wa kwanza wa watoto wengi hapa mtaani ulikuwa wa baba. Kama unabeti, nenda mwenyewe.

Yale madubwi, mashine za kamari zinazokula koini za mia mbili, lile la karibu na njia ya shule mnalijua wote. Mwanafunzi wangu mmoja wa form one alikuwa anakaa na njaa mpaka saa 9, hela ya chapati inaishia mle. Mwenyekiti, naomba hili lisiishie kwenye muhtasari tu, twende tukaongee na mwenye fremu kwanza kama majirani, na asiposikia twende Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, wao ndo wanaotoa leseni na wao ndo wanaweza kuifuta. Wapo watakaosema ukitoa mashine watahamia kwingine, lakini Norway mwaka 2007 waliziondoa mashine zote za mitaani kwa mkupuo nchi nzima, na uchezaji ulipungua, sio kwamba wote walihamia sehemu nyingine. Uingereza nao 2019 mashine zilizokuwa zinaruhusu paundi 100 kwa mchezo mmoja walizishusha mpaka paundi 2. Kenya hapo jirani mwezi wa nne 2025 walisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, na mwezi wa nane wakapata sheria mpya kuchukua nafasi ya ile ya 1966. Nchi zinahangaika na hiki kitu, tusijione sisi ndo washamba.

Kuhusu mpira, mimi shabiki, sitawaambia msiangalie. Ila watoto wetu tangu 2017 Simba na Yanga zote mbili wameziona zimevaa jina la kampuni ya kubeti kifuani, mtoto aliyezaliwa mwaka ule hajawahi kuuona mpira bila kamari, kwake ni kitu kimoja. Klabu za ligi kuu Uingereza zilikubaliana mwaka 2023 kuondoa hayo majina mbele ya jezi msimu wa 2025/26 ukiisha. Sisi huku tunaweza kuanza na kidogo, kwenye ligi yetu ya mtaa ya mbuzi, mdhamini asiwe kibanda cha kubeti. Mwaka jana alikuwa yeye, mnakumbuka, na jezi walivaa watoto wa miaka 14.

Wenye watoto wadogo wanaoshika simu zenu, angalieni yale magemu ya kununua almasi na maboksi ambayo hujui ndani kuna nini mpaka ulipie. Ubelgiji mwaka 2018 walisema hayo maboksi ni kamari, kwa sheria yao. Namba ya siri ya simu mtoto asiijue, basi, sina la zaidi hapo.

Mashehe wangu mnaijua Surat al-Maida aya ya 90 kuliko mimi, na wachungaji mna yenu. Ombi langu kwenu ni dogo. Mkishasema ni haramu, au ni dhambi, ongezeni sentensi moja: aliyeshanasa aje anione baada ya ibada, sitamtaja. Maana kijana aliyenasa akisikia haramu peke yake anatoka kwa mlango wa nyuma na harudi tena wiki ijayo.

Na wadogo zangu nyie mlionasa tayari, najua mpo hapa, nawaona. Msiniahidi mimi kuacha. Fanyeni haya leo: ingia kwenye akaunti, kampuni nyingi zina sehemu ya kujifungia mwenyewe miezi sita au moja kwa moja, jifungie wakati hela haipo na hasira haipo. Hesabu ya bosi peleka mchana kabla jioni haijafika. Hela isilale kwenye laini yako, mpe mama, mpe mke. Ukisikia mwili unakudai usiku, ujue hiyo hamu inapanda alafu inashuka, wengi wanasema nusu saa hivi inakuwa imepungua, toka nje, mpigie mtu, kaoge. Na siku ukiteleza, maana wengi wanateleza, toa taarifa ikiwa bado ni elfu 5.

Namalizia na kile kikundi. Wale vijana 32 walikaa kikao, wengine walitaka polisi, na walikuwa na haki. Yule aliyefiwa ndo aliyesema tusikie kwanza kilichotokea, na alikuwa ametoka kumzika mama yake kwa hela ya kukopa, mimi mpaka leo nikimuona nasimama. Wakakubaliana arudishe elfu 15 kila wiki, mimi na mama tunachangia tano tano, imeshafika laki tatu na tisini. Hela ya kikundi sasa ipo benki, ina sahihi tatu, na kila jumamosi asubuhi salio linasomwa kwa sauti kijiweni. Mdogo wangu uweka hazina hana tena, ila ndo anayeandika daftari la marejesho, aliomba mwenyewe.

Yupo pale nyuma, chini ya mwarobaini, mwenye shati la bluu. Daftari kaja nalo. Amesema atakaa mpaka magharibi, na mechi ya leo haangalii, mwenye kutaka kuongea nae aende, mmoja mmoja, sisi wengine tutakuwa huku tunapanga viti.